Programu za kusafisha kanda za zamani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Majibu haya ni kwa wenye kaseti, tepu za rili na santuri walioko Mwanza na mwambao wa Ziwa Victoria: kwaya, vikundi vya ngoma, familia zenye kanda za harusi na mazungumzo ya wazee, pamoja na redio za jamii zenye makabati ya vipindi vya zamani. Wengi huuliza programu ipi ni bora kuliko zote. Jibu linategemea kanda inaumwa nini, kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo inahusu kuitambua kasoro.

Nianze na programu gani kama sijawahi kufanya kazi hii?

Audacity. Ni ya bure, inafanya kazi kwenye Windows, Mac na Linux, na ukishaisakinisha haidai bando. Ina vyombo vya kupunguza kelele ya chinichini, kuondoa milio ya tak-tak, kuchuja mvumo wa umeme na kurekebisha vilele vya sauti vilivyokatwa. Kwa kanda nyingi za nyumbani hivyo vinatosha. Fanyia kazi kanda mbili au tatu nzima kabla ya kufikiria kununua chochote. Anayelipia programu ya bei kubwa kabla hajajua kanda zake zina tatizo gani hununua vyombo kumi asivyovihitaji, na mara nyingi hukosa kile kimoja anachokihitaji.

Je, programu nzuri inaweza kurudisha sauti ambayo deki haikuisoma vizuri?

Haiwezi. Hapa ndipo watu wengi hupoteza kazi yao, kwa hiyo tutakaa kidogo.

Anza na usafi wa deki. Futa hedi, yaani kichwa kinachosoma utepe, na njia yote ya utepe kwa pamba ya kijiti iliyoloweshwa isopropili ya asilimia 90 au zaidi. Ile ya asilimia 70 ina maji mengi na hukauka polepole. Gurudumu la mpira linalovuta utepe lisafishe kwa kitambaa chenye maji na tone la sabuni, kisha likauke kabisa. Mpira wenye uchafu huteleza, na utepe ukiteleza sauti huyumba.

Kabla ya kuicheza kanda iliyokaa miaka mingi, ipeleke mbele hadi mwisho na uirudishe mwanzo. Zamu zilizogandana huachana, na utepe hujipanga upya. Ukifungua mlango wa kaseti na kuona kile kipande kidogo cha felti kinachosukuma utepe kwenye hedi kimebanduka, usiicheze. Hamishia utepe kwenye ganda la kaseti nyingine yenye skrubu, maana bila felti hiyo trebo hupotea na sauti hukatikakatika.

Kisha rekebisha mwelekeo wa hedi. Utepe wa kaseti hupita polepole, sentimita 4.76 kwa sekunde, hivyo wimbi moja la hezi 10,000 lina urefu wa mikroni tano tu juu ya utepe. Redio kaseti iliyorekodi ikiwa hedi yake imeinama kidogo, na deki yako ikawa na hedi iliyonyooka, trebo zinafutana zenyewe na sauti inakuwa kama imefunikwa blanketi. Pembeni mwa hedi kuna skrubu yenye springi. Wakati kanda inacheza, izungushe taratibu, chini ya nusu mzunguko, huku ukisikiliza herufi kama “s” na “sh” hadi zitoke kali kabisa. Kuunganisha chaneli mbili ziwe mono wakati wa kusikiliza kunarahisisha, kwa sababu kosa dogo linasikika zaidi. Ukimaliza, rudisha hedi mahali pake kwa kutumia kaseti halisi ya dukani yenye sauti safi. Ukikosea hatua hii, utajikuta unaongeza trebo kwa ikwalaiza, na utakachoongeza ni kelele.

Mwisho, chukua sauti kwenye tundu la LINE OUT, si la hedifoni. Usiingize kwenye tundu la maikrofoni la laptopu: nyingi ni za chaneli moja na hupasua sauti yenye nguvu ya laini. Nunua kadi ya sauti ya nje ya USB. Behringer UCA222 inatosha kwa kaseti za mazungumzo, ingawa inaishia biti 16 na hezi 48,000. Focusrite Scarlett 2i2 au Behringer UMC202HD hufika biti 24.

Nirekodi kwa kiwango gani?

Kaseti: WAV, biti 24, hezi 48,000. Santuri na rili: biti 24, hezi 96,000. Kiwango cha juu kinasaidia santuri kwa sababu mlio wa mkwaruzo ni mfupi sana, na ukipimwa kwa pointi nyingi zaidi programu huutofautisha na muziki kwa urahisi.

Kuhusu nafasi: saa moja ya stereo kwa biti 24 na hezi 48,000 ni takriban gigabaiti 1.04, kwa hezi 96,000 ni gigabaiti 2.07. Kaseti za C90 (za dakika 90) mia moja kwa kiwango cha kwanza zitachukua karibu gigabaiti 156. Audacity yenyewe hufanya kazi kwa biti 32 ndani, kwa hiyo iachie nafasi ya ziada ya kuhifadhi mradi.

Panga sauti ili vilele vikali viguse kati ya desibeli −10 na −6. Biti 24 zina nafasi ya kutosha chini. Huna sababu ya kuisukuma hadi juu. Kigelegele kimoja kikivuka sifuri kinakatwa kichwa, na huko juu hakuna ziada ya kurudisha.

Nitajuaje kasoro niliyonayo ni ipi?

Vaa hedifoni zinazofunika masikio. Usipime kwa sabufa: besi yake huficha kelele za juu na kukuza mvumo wa chini, na utachuja vitu ambavyo havina tatizo. Kisha badilisha mwonekano wa wimbo ndani ya Audacity uwe Spectrogram, ambapo muda unakwenda kulia, masafa yanapanda juu, na rangi inaonyesha nguvu.

Kelele ya utepe, ile shiii isiyokoma, huonekana kama ukungu ulioenea sehemu yote ya juu. Mvumo wa umeme ni mistari mlalo iliyonyooka chini, kwenye 50, 100, 150 na kuendelea. Mikwaruzo ya santuri ni mistari wima myembamba, kutoka chini hadi juu. Sauti iliyopasuka huonekana vizuri zaidi kwenye mwonekano wa kawaida wa wimbi: vilele vimekuwa bapa, kana kwamba vimefyekwa. Kasi inayoyumba hufanya mistari ya kinanda au filimbi ipinde kama nyoka badala ya kunyooka. Honi ya gari, kikohozi au mbwa akibweka huonekana kama doa lenye umbo lake, mahali pake.

Andika unachokiona kwa kila kanda, kwa sababu daftari hilo ndilo litakuambia kama unahitaji kununua programu, na ipi.

Hatua za kupunguza ile shiii kwa Audacity ni zipi?

Tafuta sekunde moja au mbili ambapo hakuna anayeongea wala kuimba, lakini kinasa sauti kilikuwa kimeshawashwa. Hili la pili ni la lazima. Mwanzo wa kaseti, kabla mtu hajabonyeza kitufe cha kurekodi, utepe ni tupu: una shiii yake pekee, bila kelele ya maikrofoni, upepo wa ziwani, wala chumba. Sampuli ikitoka hapo, programu itajifunza kelele pungufu na kuacha nusu ya tatizo. Chukua nafasi kati ya ubeti na ubeti, au zile sekunde ambazo mwalimu wa kwaya ameinua mikono na bado hajaanza.

Iteue, fungua Effect, kisha Noise Removal and Repair, kisha Noise Reduction, ubonyeze Get Noise Profile. Teua wimbo wote, rudi palepale, weka upunguzaji desibeli 6, Sensitivity 6, na Frequency smoothing 3. Kabla ya kukubali, chagua Residue na usikilize. Hapo unasikia kinachotupwa tu. Ukisikia shiii peke yake, endelea. Ukisikia maneno, hata kwa mbali, shusha Sensitivity hadi yapotee.

Kama desibeli 6 hazitoshi, rudia mara ya pili kwa 6 nyingine ukiwa na sampuli mpya. Kwa kawaida mapito mawili mepesi yanaacha madhara machache kuliko pito moja zito. Zaidi ya desibeli 12 kwa jumla hatushauri kwa kaseti ya kawaida.

Kwa nini baada ya kusafisha sauti inakuwa kama mtu anaongea ndani ya maji?

Umezidisha. Programu hugawa sauti kwenye vipande vingi vya masafa, na kila kipande kilicho chini ya kiwango fulani hukinyamazisha. Kelele haitulii, kwa hiyo kipande kimoja huchomoza kwa nukta ya sekunde, kingine huzama, na sikio husikia vijilio vya mapovu. Rudi kwenye faili asilia, punguza desibeli, ongeza Frequency smoothing hadi 6 kwa mazungumzo. Kwa muziki iache chini, maana ikipanda sana ncha za ala zinafifia.

Kubali shiii kidogo ibaki. Sikio huizoea baada ya sekunde chache na kuendelea kusikiliza. Haliwezi kuyazoea mapovu.

Mvumo wa umeme nauondoaje?

Umeme wetu ni wa hezi 50. Kichujio cha Notch Filter cha Audacity huja kikiwa kimewekwa 60 kama ilivyo Marekani, na watu wengi hubonyeza tu kisha wakashangaa mvumo haujaondoka. Andika 50, na Q (wembamba wa kichujio) 30. Rudia kwa 100 na 150 ikiwa mistari hiyo ipo. Kama mistari inayumba kwa sababu kasi ya kanda haikutulia, Q ya 30 ni nyembamba mno na mvumo utaponyoka pembeni. Shusha hadi 10.

Angalia muziki wenyewe. Noti ya G ya gitaa la besi iko kwenye hezi 49, na G inayofuata juu yake kwenye 98. Kwenye nyimbo za dansi unaweza kulitoboa gitaa la besi bila kujua. Hapo ni heri kuchuja 100 na 150 peke yake, au kutumia De-hum ya RX, programu ya kulipia ya iZotope, inayojifunza mvumo wenyewe kwanza.

Jambo moja la kupima mapema: simamisha kanda deki ikiwa imewashwa. Mvumo ukiendelea, haumo kwenye kanda. Unatoka kwenye waya au chaja ya laptopu. Chomoa chaja, utumie betri. Jenereta inayokwenda mbio au polepole pia huhamisha mvumo hadi 49 au 52, kwa hiyo pima kwanza kwa Plot Spectrum, usikisie.

Kanda inaanza vizuri, lakini kuelekea mwisho waimbaji wanakuwa na sauti nyembamba na wanaenda mbio. Nini kimetokea?

Ilirekodiwa kwa betri. Kadiri zilivyochoka, mota ilizunguka polepole na utepe ukapita pungufu. Leo deki yako inauvuta kwa kasi kamili, ndiyo maana sauti inapanda. Kanda nyingi za vijijini na visiwani, Ukerewe, Ukara, Kome, ziko hivi, na zinarekebishika vizuri kabisa ukipata kitu cha kupimia.

Kama kwaya ilitumia kinanda cha umeme, kwa kawaida noti yake ya A ni hezi 440. Ukiisoma 462, kanda inakwenda kasi kwa asilimia 5. Kama redio ilirekodiwa hewani na ile milio mifupi ya saa ya BBC ikasikika, ni hezi 1,000. Kama kurekodi kulifanyika kwa umeme wa ukutani na mvumo umeingia kwenye kanda, pima ule wa 150 kwa sababu ukubwa wake unapunguza kosa la kusoma: ukisomeka 159, kasi imezidi kwa asilimia 6. Kumbuka kwanza lile jaribio la kusimamisha kanda, usije ukapima mvumo wa chaja yako.

Kurekebisha, tumia Change Speed and Pitch. Kwa 159 inayotakiwa kuwa 150, gawanya: 150 ÷ 159 = 0.943, maana yake punguza kwa asilimia 5.66, si 6. Ikiwa kasi inabadilika kidogo kidogo, igawe kanda vipande vya dakika mbili na upime kila kimoja, au tumia Sliding Stretch ambayo huanza na kiwango kimoja cha marekebisho na kuishia na kingine. Kuyumba kwa harakaharaka, mara kadhaa ndani ya sekunde, Audacity haikuwezi. Hapo ndipo penye thamani ya Capstan ya Celemony, au toleo la Advanced la iZotope RX.

Programu ya kuondoa milio ya tak-tak imeharibu ngoma yangu. Kwa nini?

Kwa sababu inatafuta kitu kinachopanda ghafla na kushuka ghafla, na ngoma ndivyo ilivyo. Bugobogobo, ngoma ya majembe ya Wasukuma, ni hatari zaidi: majembe yanagongwa, njuga zinalia miguuni, watu wanapiga makofi. Kwa programu, chuma kikigonga chuma hakina tofauti na mkwaruzo. Kanda za ngoma za Bulabo, sikukuu ya Wasukuma kule Bujora, Kisesa, zikipitishwa kwenye Click Removal kwa ujumla hutoka zikiwa zimelegea, kama wachezaji wako mbali.

Usiitumie kwa kanda nzima. Kaseti kwa kawaida haina mikwaruzo ya aina hii. Ikiwepo ni ya swichi au ya kukwama kwa utepe, na inahesabika. Iendee moja moja kwa Repair, inayoziba hadi sampuli 128, yaani chini ya milisekunde 3 kwa hezi 48,000. Na usiifanye kabla hujasikiliza na mtu anayeijua ngoma yenyewe. Mlio unaodhani ni kasoro unaweza kuwa ndiyo ishara ya kubadili hatua.

Vipi programu za akili bandia zinazosafisha kwa kubonyeza kitufe kimoja?

Kwa hotuba, mahubiri au mahojiano ya mtu mmoja ambayo lengo ni maneno yaeleweke, jaribu. Kwa ngoma, kwaya na kigelegele, hapana. Nyingi zimefunzwa kutenganisha sauti ya mtu anayeongea na kila kitu kingine, na kwa mafunzo hayo ngoma ni kelele, filimbi ni kelele, waitikiaji walioko nyuma ni kelele. Kigelegele hukatwa katikati.

Hata kwa mazungumzo kuna tahadhari. Baadhi ya huduma za mtandaoni hazichuji tu. Hutengeneza sauti upya kwa kukisia. Pale ambapo kanda haisikiki, kisio hilo linaweza kubadilisha konsonanti, na mzee anayesimulia kwa Kisukuma, Kikerewe au Kijita akawekewa silabi ambazo hakuzitamka. Msikilizaji hatajua, maana sauti ni safi. Kwa kanda yenye ushahidi, ukoo au historia, weka toleo hilo pembeni, liandike jina linaloonyesha limepitia wapi, na unukuu maneno kutoka faili asilia.

Zipo pia programu za kutenganisha waimbaji na ala, kama Demucs na Ultimate Vocal Remover, zote za bure na zinafanya kazi bila intaneti. Zinasaidia unapotaka kupunguza kelele kwenye sauti ya mwimbaji peke yake kisha kuirudisha juu ya ala. Zilifunzwa zaidi kwa muziki wa Kimagharibi, kwa hiyo zeze na manyanga hutupwa popote.

Kanda yangu ni ya mono. Nichukue chaneli moja au zote?

Rekodi zote mbili kwa deki ya stereo, kisha sikiliza. Kama zote ni nzima na mwelekeo wa hedi ni sahihi, zichanganye ziwe moja: sauti ya mtu inajumlika, shiii ya kila upande ni tofauti haijumliki sawasawa, na unapata nafuu ya karibu desibeli 3 bila kuchuja chochote. Kama utepe umekunjamana ukingo mmoja, chukua upande mzima pekee.

Sauti imepasuka kwa sababu maikrofoni ilikuwa karibu na spika. Kuna dawa?

Kidogo. Clip Fix ya Audacity na De-clip ya RX hukisia kilele kilichokatwa kwa kuangalia mkunjo wa pande zote mbili. Hufanya vizuri ukataji ukiwa wa mara chache. Shusha sauti nzima kwa desibeli 6 hadi 10 kwanza ili vilele vipya vipate pa kukaa. Kama kupasuka kulitokea ndani ya maikrofoni au utepe ulijazwa kupita kiasi, vilele haviko bapa bali vimeviringika, na programu haioni pa kuanzia.

Nifuate mpangilio gani?

Rekebisha kasi na chaneli, kisha vilele vilivyokatwa, kisha milio ya tak-tak, kisha mvumo, kisha shiii, halafu ikwalaiza, na mwisho kabisa ukubwa wa sauti. Milio itoke kabla ya shiii kwa sababu mlio mmoja una masafa yote. Ukiingia kwenye kichujio cha shiii huenea kama doa na hauondoki tena. Ukubwa wa sauti uwe mwisho kwa sababu kila unachokuza mapema kinakuza na kelele.

Swichi ya Dolby kwenye deki niiwashe?

Dolby ni mfumo wa kupunguza shiii. Iwashe kama kanda ilirekodiwa nayo tu. Kaseti za dukani zilizo nayo huandikwa alama. Kanda zilizorekodiwa kwa redio kaseti ya kawaida hazina. Ukiiwasha kwa kanda isiyo nayo, shiii inapungua kweli, na trebo ya waimbaji inapungua nayo.

Na santuri?

Ioshe kwanza kwa maji yaliyochemshwa kuwa mvuke na kupoozwa, yale ya betri za gari yasiyo na tindikali, pamoja na tone la sabuni ya vyombo, kisha uisuuze. Zile nzito za mizunguko 78 usiziguse kwa spiriti, kwa sababu shelaki huyeyuka. Zinahitaji pia sindano yenye ncha pana, ya nusukipenyo cha karibu mikroni 76; sindano ya santuri za kawaida hudondoka hadi chini ya mfereji na kusoma uchafu. Hapa Click Removal ina kazi yake halali. Anza na Threshold 200 na upana 20, usikilize maeneo yenye ala za kugonga.

Ni lini inafaa kulipia, na nilipie ipi?

Daftari lako litajibu. Kama karibu kila kanda ina vikohozi, honi au milango inayogongwa katikati ya wimbo, unahitaji kuchora doa kwenye spektrogramu na kulifuta peke yake. SpectraLayers ya Steinberg inafanya hivyo, na RX Standard pia. RX Elements haina chombo hicho, ingawa ndiyo ya bei ya chini ya familia yake na watu huinunua wakidhani inacho. Kama tatizo ni shiii, mvumo na mikwaruzo tu, Restoration Suite ya Acon Digital ina vyombo vinne na leseni yake hulipiwa mara moja. Adobe Audition ni nzuri, lakini ni ya kulipia kila mwezi. Mradi wa kikundi ukiisha fedha, programu inafungwa.

Mwenye bajeti ndogo na mazoea ya studio aangalie Reaper. Ina siku 60 za majaribio, leseni ya mtu binafsi ni dola 60, na ndani yake kuna ReaFIR, kichujio cha kelele chenye nguvu. Plagini hiyo hiyo hutolewa bure kwa Windows.

Usitumie programu iliyovunjwa ufunguo. Flashi inayoleta programu hiyo huleta na virusi, na kompyuta yenye kanda zote za kwaya si mahali pa kubahatisha.

Laptopu ya aina gani, na umeme ukikatika?

Kwa Audacity, RAM ya gigabaiti 8 inatosha. Kwa RX lenga 16. Diski ya SSD ina faida kubwa kuliko prosesa mpya. Laptopu iwe na betri inayoshika, na deki iwe kwenye UPS, maana umeme ukikatika katikati utepe hubanwa kati ya mpira na chuma na kupata alama.

Naweza kutumia simu?

Kurekodi, ndiyo, ukiunganisha kadi ya sauti ya USB kwa kiunganishi cha OTG. Kuweka simu mbele ya spika, hapana. Unaongeza chumba, bodaboda za nje na kichujio cha simu yenyewe, na hakuna programu itakayovitoa.

Kanda zangu zina unga mweupe.

Huo ni ukungu, na nyumba za karibu na ziwa zina unyevu wa kutosha kuulea. Usizicheze kwenye deki nzuri, kwa sababu unga huhamia kanda inayofuata. Vaa barakoa, ziweke ndani ya chombo kinachofunga pamoja na vifuko vya silika kwa wiki kadhaa hadi zikauke, kisha ufute utepe taratibu kwa kitambaa laini kikavu, nje ya nyumba. Usizianike juani.

Nihifadhije, na nitumeje kwa ndugu?

Faili asilia, kama ilivyotoka kwenye kanda, haiguswi kamwe. Safisha nakala. Weka asilia kwenye diski mbili tofauti na nakala ya tatu katika nyumba nyingine. FLAC hupunguza ukubwa hadi karibu nusu bila kupoteza chochote. Jina la faili liwe na mahali, mwaka kama unajulikana, upande wa kanda, na neno “asilia” au “safi”. Kwa WhatsApp, tengeneza MP3 ya kilobiti 192 na uitume kama dokumenti. Ukiirekodi upya kama ujumbe wa sauti, itabanwa hadi kigelegele kiwe mluzi.

Nikishaisafisha, naweza kuiuza?

Kusafisha hakukupi umiliki. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake, na waimbaji na wapigaji nao wana haki zao. Pata ridhaa ya maandishi ya kikundi au familia, na uliza COSOTA, ofisi ya hakimiliki Tanzania, kabla ya kuweka chochote kwenye YouTube chenye matangazo. Kwa ngoma zenye nyimbo za tiba au za jando na unyago, ridhaa iombwe kwa wenye ngoma wenyewe, hata kama mwenye kaseti ameshakubali.